Korg Kross 2 na betri zake sita: uzoefu wangu kwenye kumbi za harusi

Huu ni mwaka wa nne napigia kinanda bendi ya harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na Jumapili nipo kanisani. Kinanda changu ni Korg Kross 2 chenye vibonye 61. Nilikinunua kwa sababu ya uzito tu. Kilo 3.8, nakivaa mgongoni napanda bodaboda toka Mbagala hadi Sinza. Kile cha vibonye 88 kinapita kilo 12, na hicho lazima ukodi bajaji.

Sababu ya kukipenda niliijua baadaye, Kigamboni, usiku wa sendofu. Nilikuwa nimechomeka adapta. Mwimbaji wetu alikuwa na mafua, nikamshushia nusu toni, na sauti ya piano nimeichanganya na vayolini. Bibi harusi yuko mlangoni, umeme ukakatika. Jenereta liliwaka haraka, spika zikarudi, mwimbaji akaendelea, lakini kinanda kilikuwa kinaanza upya. Kilipoamka mchanganyiko wangu haukuwepo, na ile nusu toni imefutika. Niliingia juu ya mwimbaji, mbele ya wazazi wa binti. Iliniuma sana.

Tangu siku hiyo napigia betri. Chini ya kinanda kuna nafasi ya betri sita za AA, kama zile za saa ya ukutani. Korg wanasema zinafika saa 7 ukitumia za kuchaji. Mimi sisubiri, baada ya saa nne nabadilisha wakati watu wanakula. Umeme ukikatika sasa spika zinanyamaza, kinanda hakizimi, na jenereta likiwaka naendelea pale pale. Faida nyingine: adapta ikichomolewa, ule mvumo wa umeme kwenye spika mara nyingi nao huondoka. Nunua za kuchaji, seti mbili, kisha ingia kwenye mipangilio ukiambie kinanda ni aina gani ya betri, la sivyo alama ya chaji itakudanganya. Na mchanganyiko wowote unaoupenda, uhifadhi kabla hujatoka nyumbani.

Kasoro zipo. Vibonye ni vyepesi mno kwa mtu aliyezoea piano. Nyimbo za taratibu za kanisani zinanipa shida kupiga kwa hisia. Ukikandamiza kibonye baada ya kukipiga, sauti haibadiliki. Kwa rumba na sebene hilo halinisumbui.

Sasa waya. Kumbi nyingi miksa iko nyuma kabisa ya ukumbi, na waya wa kawaida wa kinanda ukiuvuta mbali hivyo unaokota kelele njiani. Nina kisanduku cha DI, yaani kisanduku kinachoiandaa sauti ya kinanda isafiri mbali bila kuokota kelele; changu ni Behringer DI100. Kinanda kinaingia upande mmoja, upande wa pili unatoka waya wa maikrofoni mpaka kwa mtu wa mitambo. Kinatumia betri ya volti 9 au umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Kinanda hutoa sauti pande mbili, kushoto na kulia. Ukiwa na kisanduku kimoja tu, toa sauti kwenye tundu lililoandikwa L/MONO, halafu chagua sauti ya piano isiyotegemea spika mbili. Zile pana, tamu kwenye hedifoni, zikibanwa upande mmoja zinakonda.

Mvumo ukibaki, bonyeza kitufe cha kukata ethi kilichopo kwenye kisanduku. Nakuomba sana ndugu yangu, usikate mguu wa ethi kwenye plagi. Nimeona mafundi wakifanya hivyo na kelele inaisha kweli, lakini hapo mwenye kugusa nyuzi za gitaa huku mdomo uko kwenye maikrofoni ndiye amebaki bila kinga.

Mpiga besi wetu huazima kwangu kisanduku hicho ukumbi ukiwa hauna amplifaya ya besi. Besi yake ina betri ndani, inakwenda vizuri. Tulipojaribu besi ya zamani isiyo na betri, ile sauti kali ya juu ya nyuzi ilipungua, ikasikika kama imefunikwa blanketi. Kwa besi za namna hiyo tafuteni DI ambayo upinzani wake wa kuingilia unakaribia ohm milioni 1. Kisanduku cha mpiga besi wetu mwenyewe ndicho tunachokitafuta Kariakoo wiki hii.