API ya GitHub: kikomo kinachojieleza

Hapa Nairobi tumejenga mfumo wa wavuti ambao walimu wa programu huutumia kufuatilia kazi za wanafunzi wao. Mwalimu anaingia kwa akaunti yake ya GitHub, huduma ya kuhifadhi kodi za programu, nasi tunamletea miradi ya darasa na mabadiliko ya kodi. Hata ukurasa mmoja huita mara nyingi API, yaani njia ambayo programu moja huomba data kwa nyingine, hivyo kikomo cha maombi (idadi inayoruhusiwa kwa muda fulani) nimekizoea kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii, na ndicho kinachonifanya niisifu.

Asiyejitambulisha hupewa maombi 60 kwa saa, yakihesabiwa kwa anwani ya IP. Kwetu jambo hili ni zito. Kwenye ofisi za pamoja za Barabara ya Ngong, wote walio kwenye Wi-Fi moja huonekana nje kwa anwani moja. Jirani akiendesha skripti yake, zile 60 zimekwisha na wewe hujaanza kazi. Ukituma tokeni ya mtumiaji, yaani ufunguo unaomtambulisha, hesabu inakuwa yake mwenyewe na inapanda hadi 5,000 kwa saa. Kwa hiyo hata data ya umma tunaiomba kwa tokeni.

Ninachokipenda hasa ni uwazi. Kila jibu huja na heda mbili, yaani taarifa fupi zinazotangulia data yenyewe: x-ratelimit-remaining inataja maombi yaliyobaki, x-ratelimit-reset inataja hesabu itaanza upya lini. Muda huo huja kwa sekunde zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970 kwa saa za UTC, tunaugeuza kuwa saa za hapa na kumwandikia mwalimu: “Endelea saa nane na dakika kumi.” Akishajua, hana haja ya kubonyeza kitufe tena na tena. Huduma moja ya malipo tuliyoitumia ilikuwa ikirudisha 429 tupu, msimbo wa kusema umeomba mno, bila Retry-After, heda inayotaja muda wa kusubiri, tukabaki kubahatisha. Msimbo huo uko kwenye viwango vya HTTP tangu 2012, na viwango hivyo hivyo vinaruhusu kutaja muda wa kusubiri. Mteja anayelipa anastahili kuambiwa.

ETag, alama ya toleo la data inayokuja na jibu, nayo imetuokoa sana. Ihifadhi, kisha itume kwenye heda ya If-None-Match ya ombi linalofuata. Kama hakuna kilichobadilika unajibiwa 304, na ombi hilo, likiwa na tokeni, halikatwi kwenye kikomo kikuu, yaani zile 5,000.

Ila 5,000 si za kumwagwa kwa mpigo. Kuna kikomo kingine kinachozuia maombi zaidi ya 100 kwa wakati mmoja, ndiyo maana tumempa kila mtumiaji foleni yake. Tukizuiwa tunafuata Retry-After. Isipokuwepo, tunasubiri dakika moja, kisha tunaongeza maradufu pamoja na sekunde chache za nasibu, darasa zima lisirudi mlangoni kwa pamoja. Halafu zile 5,000 ni za mtumiaji, si za mfumo wenu: tokeni zake nyingine binafsi nazo huchota humo humo, kwa hiyo msijiwekee hesabu yenu, someni heda. Na msikague 429 peke yake, kwa sababu GitHub ikikuzuia inaweza pia kujibu 403, msimbo wa kukataliwa, na remaining ikiwa sifuri.