ORS: pakiti ndogo, msaada mkubwa tumbo linapochafuka

Tumbo lilipochafuka, hamu ya kula iliniisha kabisa. Hata harufu ya chakula ilinitia kichefuchefu. Kilichonifaa ni ORS, unga wa chumvi na glukosi (aina ya sukari) unaochanganywa na maji ya kunywa ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Pakiti yangu ilikuwa ya lita 1 ya maji safi na salama (soma yako, zipo ndogo zaidi). Nilikunywa kwa kijiko, maana funda kubwa lilirudi juu papo hapo. Ladha ni chumvi yenye utamu kwa mbali, haivutii, lakini usiongeze sukari: glukosi iliyomo imepimwa ili utumbo ufyonze chumvi na maji. Maji uliyochanganya yakibaki baada ya saa 24, mwaga. Nguvu zilianza kurudi kwanza, njaa ikafuata taratibu. Ukiona damu chooni, au unatapika kila unachokunywa, wahi hospitali.