Rekodi zao za 225 si 225: uzoefu wangu wa kujiandaa na mtihani wa RPR

Nimejaribu mara mbili kuandika maoni haya kwa utulivu, nikashindwa. Kozi ya mtandaoni niliyojiunga nayo kujiandaa na RPR, mtihani wa waandishi wa kumbukumbu za mahakama unaosimamiwa na chama cha NCRA cha Marekani, ilinidanganya jambo moja tu. Lakini jambo lenyewe ni kasi. Anayekufundisha hatimkato akikudanganya kasi, amekudanganya yote.

Walionitangulia wanajua ninachosema. Mtihani wa kupiga una sehemu tatu: hotuba, maelekezo ya jaji na ushahidi. Sehemu ya ushahidi ndiyo inayotoa watu jasho: dakika 5 za maswali na majibu, sauti mbili zinapokezana bila huruma, maneno 225 kwa dakika. Jumla maneno 1,125. Ukimaliza unapewa dakika 75 za kusafisha nakala yako, na usahihi lazima ufike asilimia 95. Maana yake una makosa 56 mkononi. Neno uliloacha ni kosa, uliloongeza ni kosa, ulilosikia vibaya ni kosa. La 57 limekutoa.

Mimi kwenye rekodi zao za 225 nilikuwa natoka na makosa 20, siku nyingine 15. Wiki baada ya wiki. Mkufunzi wao akaniandikia kwamba niko tayari, nikafanye mtihani. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini? Nilikuwa naamka alfajiri, napiga zoezi kabla ya kazi, narudi jioni napiga tena mpaka vidole vya pete vinauma. Kwenye steno, ile mashine ya hatimkato, hupigi herufi moja moja, unabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja kama mtu wa kinanda. Herufi N upande wa kulia haina kitufe chake, unaipata kwa kubonyeza P na B pamoja. Kidole kimoja kikichelewa kidogo tu, neno zima linatoka jingine. Kwa hiyo mwili unazoea kasi fulani, na kasi uliyouzoesha ndiyo hiyo hiyo utakayokuwa nayo siku ya mtihani.

Siku ya mtihani nikaanza na hotuba ya maneno 180 kwa dakika, ikaenda vizuri. Maelekezo ya jaji kwa jopo la raia wanaoamua kesi, maneno 200, nayo nikayamudu. Ukaja ushahidi. Dakika ya kwanza nikadhani wamenipa rekodi isiyo yangu. Swali lilikuwa linaanza kabla sijamaliza jibu la swali lililotangulia. Nikabeba sentensi moja kichwani, nikabeba mbili, ya tatu ikamwagika. Kwenye dakika ya tatu shahidi akaanza kutaja tarehe na idadi, nikatazama skrini nikaona mistari ya herufi tupu ambazo programu haikuweza kuzigeuza maneno. Pale nilijua kwamba imekwisha, na bado zilibaki dakika mbili za kuendelea kupiga.

Nilirudi nikajilaumu mimi. Nikasema ni woga, ni kamera, ni yule msimamizi anayekutazama kwa mbali. Siku chache baadaye nikafungua rekodi yao ile ile niliyokuwa naipiga kwa makosa 15, safari hii simu ikiwa mezani inahesabu muda. Kichezeshi chao hakionyeshi dakika, kina kitufe cha kuanza na cha kusimamisha basi. Rekodi ikaisha. Nikatazama simu: dakika 5 na sekunde 34.

Nikairudia nikidhani nimechelewa kubonyeza. 5 na 34. Nakala yao ya kusahihishia ina maneno 1,125, nimeyahesabu yote kwa penseli, nikiweka alama kila neno la kumi. Gawanya. Inakuja kama 202 kwa dakika. Miezi yote ile nilikuwa nafanya mazoezi ya kasi ya 202 nikiambiwa ni 225! Nikapima rekodi zote 12 za ngazi ile: 9 zilipita dakika 5. Za 180 na 200 nilizozipima zilikuwa sawasawa, na ndiyo maana sehemu zile mbili nilifaulu.

Nikawaandikia kwa adabu kabisa, nikaambatisha orodha ya rekodi na muda wa kila moja. Jibu likaja kwamba wanafunzi wengi hulalamikia kasi wakishafeli, nirudi mazoezini. Nikaomba kuongea na mkubwa wao. Akanipigia, na la kwanza aliloniuliza ni kama Kiingereza ni lugha yangu ya kwanza. Nikamwambia swali langu ni la saa, si la lugha. Akasema zile sekunde za ziada ni pumzi za wasomaji. Pumzi! Msomaji wa mtihani havuti pumzi? Pumzi yake imo ndani ya dakika 5 zile zile. Nilipomweleza hivyo akasema ana simu nyingine.

Nikiwa mkweli, kuna mwalimu wao mmoja wa vifupisho ambaye sitamsahau. Maswali ambayo mawakili huyarudia kutwa nzima, yale ya "unakumbuka" na "ni kweli kwamba", alinifundisha kuyapiga kwa mpigo mmoja, na akanizoesha kusafisha kamusi yangu, ile orodha ambayo programu hutumia kugeuza mipigo kuwa maneno, kila jioni kabla ya kulala. Masomo yake ya mtihani wa maandishi, hasa maadili ya kazi, yalikuwa wazi kuliko kitabu chochote nilichosoma. Kwa ajili yake nilitaka kusema jiungeni, ila rekodi za 225 tafuteni kwingine.

Lakini naandika hapa nakumbuka yule wa simu, na nashindwa kusema jiungeni. Kukosea kupima rekodi ni kosa la binadamu. Kuonyeshwa kosa kwa saa na hesabu, ukamgeukia mwanafunzi ukamuuliza lugha ya mama yake, hilo siwezi kulisamehe. Kuna mtu sasa hivi anaamka alfajiri anaipiga rekodi ile akifurahia makosa yake 15.

Sehemu mbili nilizofaulu zinabaki zangu, sitazirudia. Imebaki ushahidi. Nimezihamisha rekodi zao kwenye programu nyingine nikaziongeza kasi kwa asilimia 11, sauti zinakuwa nyembamba kidogo lakini dakika ni 5 kamili. Jana nilitoka na makosa 71. Na jana hiyo hiyo niliingia kwenye ukurasa wao kuangalia. Lebo bado imeandikwa 225.