Galeri ya kubeba kayaki juu ya pikapu: gani ununue kama uko Goma ao Bukavu

Kama uko na Hilux ao pikapu ingine yoyote na unatafuta galeri ya kubebea kayaki, angalia kwanza njia yenye utapita, kisha gari yako, kisha kayaki yenyewe, marki ya galeri ikuje mwisho kabisa. Watu mingi wanafanyaka kinyume, wanaona Thule ao Yakima mu intaneti, picha ni nzuri, wanatuma pesa, galeri inafika, na siku ya kwanza buloni zinaanza kulegea mbele hata ya kufika Sake. Zile chuma haziko mbaya, Thule ni watu wa Sweden wako mu kazi tangu 1942, lakini galeri kama hizo zimefikiriwa sana kwa gari yenye inakimbia ku lami, fasi adui mukubwa ni upepo. Kwetu adui ni kutikisika. Goma tunatembea juu ya mawe ya volkano, avenue mingi za ndani hazijaona lami, na Bukavu ni mashimo, matope na mipando mikali. Kwa hiyo galeri zote nazipima kwa swali moja tu: kisha ya masaa mawili ya kutikiswa, itakuwa ingali imekaza?

Kuna jambo moja wauzaji hawasemake na njo lenye linaamua kila kitu kwa mutu wa pikapu. Pikapu si kipande kimoja. Kabini imekaa peke yake juu ya shasi, na sanduku ya muzigo nyuma imekaa peke yake, na kabini iko juu ya mipira. Simama kando ya Hilux yenye inapita polepole mu mashimo, angalia ile nafasi katikati ya kabini na sanduku, utaiona inafunguka na kufunga. Sasa wewe ukiweka chuma moja ku dari ya kabini na ya pili ku sanduku nyuma, ukafunga kayaki kwa zote mbili, kayaki njo inakuwa daraja katikati ya vitu viwili vyenye havitembee pamoja. Mikanda inalegea, plastiki inasuguliwa, na kama galeri yenyewe ndiyo imeunganisha kabini na sanduku kwa chuma moja ngumu, itapasuka fasi ya kuchomelea, ao itapasua dari. Chuma zote mbili zikae ku kipande kimoja. Hilo ukilishika, kuchagua kunakuwa rahisi.

Na mbele ya kununua chochote, pima kayaki. Kama ni zile fupi za kukaa juu yake, mita 2.7 ao 3, huenda hauna lazima ya galeri hata kidogo. Sanduku ya Hilux ya milango 4 iko na kama mita 1 na nusu, ukilaza mulango wa nyuma unapata karibu mita 2, kayaki inalala humo kwa kukingama, inatoka nyuma kidogo, unaifunga muzuri ku pete za sanduku, unatundika kitambaa chekundu ku ncha, unaenda. Muzigo uko chini, haiguse waya, haisumbuliwe na upepo. Pesa ya galeri uinunulie jile la kuogelea lenye nguvu, Kivu ni ziwa refu sana chini, si ya kuchezea.

Lakini kama kayaki ni ya mita 4 kwenda juu, ile ndefu ya kusafiria yenye inafika mita 5 na inapima kilo 25 hivi, hapo galeri ni lazima, na chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni chuma ya kusimamisha ndani ya sanduku ya muzigo. Miguu inasimama ku sanduku, chuma mbili za kukingama zinakuja juu, zote mbili ku sanduku, zikipita dari ya kabini kwa upana wa kiganja hivi ili kayaki iteleze juu ya kabini bila kuigusa. Unaweza kuinunua imetengenezwa tayari, lakini fundi wa chuma wa hapa anaiweza kabisa, na hiyo njo sababu kubwa naiweka mbele: ikivunjika Minova, fundi wa Minova ataichomelea. Galeri ya aluminiumu kutoka ngambo, ikipasuka huku, unaanza kutafuta mutu mwenye mashini ya aluminiumu na utazunguka sana.

Ukienda kwa fundi, usimwambie tu "nitengenezee galeri", maana atakupatia ile ya kubeba makala. Mwambie tibu ya mraba ya milimita 40, unene milimita 2, kwa miguu na chuma za juu; hiyo inapima karibu kilo 2.4 kwa mita, kwa hiyo mita 10 ni kama kilo 24, sanduku ya pikapu inabeba bila shida. Za kusaidia weka ya 25 kwa 2, yenye inapima kilo 1.4 hivi kwa mita. Na lazima kuwe mikono ya kukingama kutoka mguu kwenda chini, maana ukifunga breki kwa nguvu kayaki inasukuma kuelekea mbele na miguu yenye haina mikono itainama. Miguu ifungwe na buloni za M10, zile za milimita 10, kuwe na sahani ya chuma chini ya sanduku, na ekru zenye nailoni ndani, zile zenye hazifunguke zenyewe. Usikubali achomelee miguu moja kwa moja ku sanduku, joto linachoma ulinzi wa bati na kutu inaanzia pale pale. Na kama kuna kipande lazima kichomelewe gari ikiwa pale, batri itolewe nyaya kwanza, kompyuta ya gari inaweza kuungua.

Rangi usiionee bei. Watu wa Goma tunajua vile mabati ya nyumba yanakulika, moshi ya Nyiragongo inaingia mu mvua na ile mvua inakula chuma. Rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha ya juu, na ncha za tibu zifungwe, maana maji yakiingia ndani ya tibu inaoza bila wewe kuona. Kitu kingine cha bei ndogo chenye kitakufurahisha: ile chuma ya nyuma ivalishe kipande cha tuyo ya PVC chenye kinazunguka. Unapandisha ncha ya kayaki pale, unasukuma, inaingia yenyewe, mutu mumoja anaweza kupakia bila kuita jirani. Kisha pima urefu wote, gari na galeri na kayaki, uende upime na mulango wa parseli yako na zile nyaya za umeme zenye zinaninginia ku avenue. Fanya hivyo mbele ya fundi kukata tibu.

Ya pili ni chuma mbili za kufunga ku mufereji wa dari, ule wa kando wenye maji ya mvua inapitia, lakini hii ni kwa gari zenye mufereji: Land Cruiser za 70, za 80, Hiace. Kama hauna pikapu ila uko na Land Cruiser ya kufunikwa, basi hii njo namba moja yako. Ule mufereji ni fasi yenye nguvu sana ya dari, hakuna kutoboa, miguu inashika kwa kubana, na unaweza kuacha nafasi ya mita moja na nusu ao zaidi katikati ya chuma mbili, kayaki ndefu inapenda hivyo. Angalia tu kama mufereji haujaoza. Pitisha kidole ndani, ukikuta rangi imevimba kama mabutubutu, gonga na ufunguo, ikivunjika usifunge kitu pale.

Ya tatu ni galeri nzima, ile ya sakafu yote, kama tunaona juu ya gari za kwenda ndani. Kwa mutu mwenye gari inafanya kazi ingine, leo magodoro, kesho bidon na magunia, hii inaeleweka, na kuna nzuri kabisa, Front Runner wa Afrika Kusini wanatengeneza ya aluminiumu yenye watu wa safari wanaiamini. Shida ni uzito. Mita 20 za tibu ya 25 tayari ni kilo 29, bila sakafu. Fungua kitabu cha gari, soma dari inabeba kilo ngapi gari ikitembea, kisha toa uzito wa galeri. Tuseme kitabu kinasema 75 na galeri ni 35, umebaki na 40, na hiyo ni kwa lami. Kwa njia mbaya watengenezaji wamoja wanaomba ugawe ile namba ya kilo zenye galeri yao inabeba kwa 1.5. Kayaki ya watu wawili peke yake inaweza kupima kilo 35. Unaona vile nafasi inaisha haraka.

Ya ine ni kit ya duka ya kubana ku dari ya kabini peke yake. Dari ya kabini ni fupi, katikati ya chuma mbili utapata sentimeta 70 ao 80 hivi, kwa kayaki ya mita 3 na nusu ni sawa, kwa ya mita 5 itacheza sana mbele na nyuma. Bei ni mia kadhaa za dola, bado usafiri na duwani, na lazima kipande cha kushikia kiwe cha modeli na mwaka wa gari yako kabisa. Kwa mutu anakaa Bukavu na anaenda tu Nguba ao La Botte siku ya yenga, inatosha.

Ya mwisho ni mito ya kujaza hewa yenye mikanda inapita ndani ya milango. Ni ya kutoka nyumbani Himbi mpaka ku maji, basi. Mvua ikinyesha maji yanafuata mukanda yanaingia kabini, na kama haujafuta dari kwanza, ule mchanga mweusi wetu unakwaruza rangi vibaya sana.

Kuhusu kufunga, hapa watu wanaharibu kayaki nzuri. Mikanda ya kamyo, ile ya leva, weka kando, inakaza kupita kiasi na plastiki inaingia ndani, na jua likiwaka inabaki vile. Tafuta mikanda yenye unavuta na mukono tu, miwili, mumoja kwa kila chuma, uusokote mara moja ili usilie mu upepo. Laza kayaki uso chini, na chini yake funga shambreri za zamani zenye umekata, ni bora kuliko sponji ya godoro yenye inaisha haraka. Zile vishikio za umbo la J ni nzuri kama unabeba kayaki mbili, lakini zinainua muzigo na buloni zake zinateseka kwa njia yetu. Kisha kamba mbele na kamba nyuma, mbele uifunge ku ndoano ya kuvutia gari, si ku plastiki ya bampa. Simama ukague, Mugunga kama unaenda Sake, Mudaka kama unaenda Kavumu, na kila mara mukanda mumoja utaukuta umelegea. Ukifika, legeza mikanda hata kama kayaki inabaki juu ya gari.

Buloni, ekru na tibu utazipata Birere kama uko Goma, na kama uko Bukavu tembea Kadutu, na kama unanunua galeri ya zamani, angalia nyuma ya kila fasi ya kuchomelea na tochi ya simu, nyufa zinaanzia pale.

Na kama safari ni ya Goma mpaka Bukavu, usiiwaze gari kabisa. Ile njia ni karibu kilometa 200 na kayaki itapigwa yote. Uliza ku port, iende na boti.