Mashine ya kuchomelea ya laki mbili na thelathini, nimejengea chesisi ya guta uani kwangu

Wakuu mimi sio fundi welda, nafuga nyuki huko upande wa Sikonge na nakaa hapa Tabora mjini, Ipuli, guta langu la injini, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, ndo linabeba ndoo za asali na mizinga. Mwaka huu chesisi ikakatika mara ya tatu, palepale zinapofungwa springi za nyuma, na kila nikipeleka kwa fundi anabandika kipande cha chuma juu ya kutu, nalipa, mwezi haujaisha niko kwake tena. Injini nzima, difu ya kuzungusha matairi ya nyuma nzima, kilichooza mifupa tu. Nikasema hela ya kulipa kila mwezi bora ninunue mashine nijenge chesisi mwenyewe.

Nikachukua inveta, kale kadogo kanakobebwa begani kwa mkanda. Kwenye boksi wameandika 250 kwa maandishi makubwa kama bango la mgombea. Uongo huo jamani. Geuza nyuma usome kile kibandiko cha herufi za sisimizi, yangu inasema ampea 120 kwa asilimia 60, yaani kwenye dakika 10 unachoma 6 unaiacha ipumzike 4, ukilazimisha inawaka taa ya njano inagoma yenyewe mpaka ipoe. Na hata bila kusoma kibandiko piga hesabu tu, ampea 250 za kweli zinataka kama kilowati 8 na ushee kutoka ukutani, soketi ya nyumbani ya ampea 13 inakupa 3. Zingine zitoke wapi?

Ila sasa, kwa kazi ya guta hizo 120 zinatosha na zinabaki. Mimi nimetumia skwea paipu ya 50 kwa 50 unene milimita 3 kwenye zile mbili ndefu, za kukatiza nikaweka 40 kwa 40 ya milimita 2, rodi za kuchomelea za milimita 2.5, ampea nacheza kati ya 75 na 90. Inawaka vizuri mno, ukigusa tu moto umeshika, sio kama zile mashine za transfoma za kusuka za mtaani unagonga rodi mpaka mkono unachoka. Hapo naisifia bila kinyongo.

Shida yake inadeka kwenye umeme. Jioni watu wakishawasha pasi na majiko, umeme ukishuka kidogo rodi inaganda kama ndege kwenye ulimbo. Nikawa nachoma asubuhi. Na ekstensheni, nilianza na ile nyembamba ya kuchajia simu, nikasikia harufu ya plastiki, kugeuka plagi inayeyuka. Nunua waya wa milimita za mraba 2.5 na uwe mfupi, na usiuache umejiviringa ukiwa unafanya kazi.

Vile vitu vinavyokuja kwenye boksi ni aibu. Klempu ya athi, ile ya kubana kwenye chuma unachochoma, ni kibati kilichopakwa rangi ya shaba, inachemka mpaka inalegea, nikarudi dukani, kijana akanisikiliza kwa heshima zote, "shikamoo mzee, pole mzee, ila ikishatumika hairudi mzee." Waranti ya miezi sita aliyoniahidi siku ya kuuza ilikuwa ya mdomo. Duka silitaji, ila ukinunua popote dai iandikwe kwenye risiti. Ngao ya uso nayo ni ya kushika mkononi, kioo chepesi, usiku wa kwanza macho kama nimemwagiwa mchanga wa moto, mama watoto akanibandika vipande vya viazi mbatata mpaka alfajiri. Kioo kiwe namba 10 au 11, usichome bila hicho hata taki moja, kile kidoa cha kushikizia tu.

Sasa niwaambie lililoniumbua. Nilipanga zile paipu mbili juu ya matofali manne, nikapima usawa kwa mpira wa maji kama waashi, nikavuta futi kamba kona kwa kona, sawasawa kabisa. Nikachoma upande wa kushoto wote mpaka mwisho, mshono umelala mzuri nikajipiga picha. Asubuhi napima kona kwa kona, tofauti milimita 14, na ukiikanyaga kona moja nyingine inanyanyuka kama kitanda kibovu. Nikaanza kutukana mashine. Jirani yangu mzee mstaafu wa reli akaja na kikombe chake cha chai, akaangalia, akacheka. "Mwanangu, chuma kikipoa kinavuta. Umekiachia kivute upande mmoja." Akanielekeza nitaki kila kiungo kwanza pande zote, nipime, halafu nichome kidogo hapa naruka kule kinyume, nisimalize kona moja kwa mkupuo. Nikakata na grainda, nikarudia siku mbili. Tofauti ikabaki milimita 2. Kwahiyo ile kupinda msiihesabie mashine.

Mbili tatu nilizojifunza. Shingo ya mbele yenye namba ya chesisi sikuigusa, nimeunganishia nyuma yake, maana namba hiyo ndo iko kwenye kadi ya guta na ukiikata utaenda kumweleza nani. Urefu niliongeza nyuma ya ekseli tu, sentimita 20, ukisogeza ekseli yenyewe propela shafti, ule mhimili wa kutoka injini kwenda difu, haifiki. Matobo ya bolti toboa ubavuni katikati, usitoboe juu wala chini ya paipu. Na paipu ya zinki saga ile zinki kwanza, moshi wake unakupa homa na kutetemeka usiku, yale maziwa wanayokunywa mafundi hayasaidii chochote, ni kujifariji. Rodi nazo, pakiti iliyokaa wazi masika inashika unyevu, mshono unatoka matundu kama andazi.

Umeme kazi nzima imekula yuniti 9 tu. Ukitaka kwa ajili ya guta, geti, trela dogo, chukua. Ukitaka kujengea lori, achana nayo.

Miezi miwili sasa linapiga Sikonge na kuingia porini kwenye mchanga. Jana nimelala chini yake nikaona ufa mwembamba kama unywele kwenye hanga ya kushikilia springi ya kulia, kuangalia vizuri ni ule mshono wa siku ya kwanza, wa ile rodi yenye unyevu. Kesho asubuhi kabla umeme haujachoka naisaga naichoma upya.