Fomu za CDI za kugundua mtoto anayechelewa kuongea: zinafaa, zikijazwa vizuri

Kati ya vipimo vinavyotegemea taarifa ya mzazi, fomu za MacArthur-Bates, maarufu kama CDI, ndizo za kuchagua kwanza. Ya miezi 8 hadi 18 ina maneno 396, pamoja na ishara kama kupunga mkono na kunyoosha kidole. Ya miezi 16 hadi 30 ina maneno 680. Mzazi haulizwi mtoto anajua maneno mangapi, swali lisilojibika. Anapitia orodha akitia alama, na kulitambua neno lililo mbele yako ni rahisi kuliko kulikumbuka.

Safu ya "anaelewa" ndiyo dhaifu. Mtoto anayeambiwa "lete viatu" akavileta huenda alifuata macho ya mama tu. Mzazi asitie alama kabla ya kulijaribu neno bila ishara yoyote. Safu ya "anasema" inaaminika zaidi: "ma" kwa maji linahesabiwa, mradi mtoto analitumia kila mara kwa kitu hicho, kuiga papo hapo hakuhesabiwi.

Matokeo huharibikia zaidi kwenye nyumba ya lugha mbili. Fomu ikijazwa kwa lugha moja, mtoto asiye na tatizo lolote huonekana amechelewa. Kila lugha iwe na fomu yake, ijazwe na anayeizungumza na mtoto, kisha maneno yajumlishwe. Kutafsiri orodha ya Kiingereza na kumlinganisha mtoto na viwango vya watoto wa Kiingereza ni kujidanganya.

Kujaza huchukua dakika 20 hadi 40, asiyesoma asomewe. Kliniki yenye foleni hupendelea ASQ-3, dodoso la mzazi kuhusu makuzi ya mtoto kwa ujumla, lakini humo mawasiliano yana maswali 6 tu kati ya 30. Ni chujio la jumla, si la lugha.

Kigezo kinachotumika sana kwa miezi 24 ni maneno chini ya 50, au kutounganisha maneno mawili. (Kwa Kiswahili hiki cha pili kina utata: "sitaki" ni sentensi nzima.) Anayeangukia hapo apimwe kwanza masikio, hata mzazi akiapa kwamba anasikia. Akiwa anaelewa vizuri na ananyoosha kidole, fomu irudiwe baada ya miezi mitatu. Wengi huwafikia wenzao. Asipoelewa, au asipotumia ishara, aonwe na mtaalamu wa usemi bila kusubiri. Aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe mara moja. Fomu itajazwa baadaye.