Winchi ya umeme kwenye Land Cruiser yangu: kazi kubwa iko kwenye kufunga

Nimefunga winchi ya umeme, yaani mashine ya mbele ya gari inayokunja kamba iliyofungwa kwenye mti ili gari lijivute likikwama, kwenye pikapu yangu ya Land Cruiser, ile ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, hapahapa Arusha. Masika yote yamepita nikiitumia, na sasa nina la kusema. Winchi yenyewe naipa alama za juu. Fundi aliyeifunga nampa za juu zaidi. Duka lililoniuzia linabaki na alama za wastani, na sababu zake nitazieleza.

Kazi yangu ni kupeleka mbegu, dawa za mashamba na vipuri vya trekta upande wa Lolkisale na Terrat, kwenye mashamba ya maharage na mahindi. Anayezijua njia zile anajua mvua zikianza mambo yanakuwaje. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa za kuzamisha mguu. Ukilowa, hujaza meno ya tairi mpaka tairi inabaki laini, gari linaanza kwenda ubavu na wewe usukani umeushika. Mkulima naye hawezi kusubiri ardhi ikauke, kwa sababu mbegu inatakiwa shambani wakati huohuo wa mvua. Kwa miaka mingi nimetoka kwa majembe, mbao, jeki ndefu na misuli ya watu. Nimechoka, na wanaonisaidia wamechoka pia.

Dukani swali la kwanza ni winchi ya kuvuta paundi ngapi. Nilizoonyeshwa zilikuwa za paundi 9,500 na 12,000, yaani takribani kilo 4,300 na kilo 5,440. Kanuni ya kawaida ni kuchukua uzito wa gari pamoja na mzigo wake wote, kisha kuzidisha mara moja na nusu. Langu likijaa hukaribia tani 3.2, kwa hiyo nilihitaji kama kilo 4,800. Ile ndogo haifiki, nikachukua kubwa. Muuzaji alinisukumia hiyohiyo ndogo kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo nyingi, na hapo ndipo alama zake zilipoanza kupungua. Nusu ile ya ziada ina maana yake. Gari lililozama mpaka ekseli hudai nguvu kuliko uzito wake, kwa kuwa tope linanyonya tairi na difu inalima udongo wakati unavuta.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja kabisa, nami nililikuta kwenye kitabu cha maelekezo ndani ya boksi. Namba iliyobandikwa kwenye winchi ni nguvu ya safu ya kwanza ya kamba, ile inayogusa ngoma, yaani silinda inayokunja kamba. Kila safu inayojikunja juu yake hupunguza nguvu, na ukifika safu ya nne unaweza kubaki na robo tatu au pungufu. Kwa hiyo mti wa mbali ni bora kuliko wa karibu. Kama uliopo ni wa karibu tu, tumia kapi, gurudumu la kupitishia kamba linalofungwa kwenye mti: kamba inakwenda mpaka kwenye mti na kurudi kwenye gari, ngoma inapungua kamba, na nguvu ya kuvuta inakaribia kuwa mara mbili. Mwendo unapungua nusu, lakini ukiwa kwenye tope haraka ya nini?

Sasa kufunga. Gari langu lilikuwa na ngao ya mabomba mbele, ya kukinga gari, nzuri kwa macho, imeshikwa kwa bolti ndogo. Gereji ya kwanza walitaka kuiweka winchi juu ya ngao hiyohiyo na kunikabidhi gari jioni. Niliondoka. Gereji ya pili iko Unga Limited. Fundi alichuchumaa mbele ya gari, akaitikisa ngao, akapapasa ilipofungwa, akaniambia, "Kaka, hii haivuti kitu. Ukikwama kweli itang'oka yenyewe." Nikajua nimefika kwa mtu.

Alikata bamba la chuma la milimita 8 na kulitoboa matundu manne kwa vipimo vya milimita 254 kwa 114.3. Hivyo ndivyo vipimo vya kawaida vya miguu ya winchi za ukubwa huu. Mwambie fundi wako asitoboe kwa kubahatisha, kwa sababu ukija kununua winchi nyingine, hata ya kampuni tofauti, itakaa palepale bila kuanza upya. Bamba hilo alilishikisha kwa mikono miwili ya chuma inayorudi nyuma kando ya chesisi, kulia na kushoto, kwa bolti za daraja la 8.8. Ngao mpya, ya chuma kizito, ndiyo iliyokuja mwisho kukaa juu ya bamba. Nguvu inatoka kwenye kamba kwenda kwenye ngoma, bamba, kisha chesisi, na ngao haibebi kitu.

Nilimuuliza kwa nini asichomelee ile mikono kwenye chesisi ili tuokoe muda. Akasema moto wa kuchomelea unadhoofisha chuma pembeni ya mshono, na siku ya kurekebisha utalazimika kukata. Jibu hilo peke yake lilitosha kunifanya niache gari kwake siku zote alizozitaka. Pia aliangalia kitu ambacho wengi hawakiangalii: kamba itoke chini ya ngoma, kama kitabu kinavyoelekeza. Ikikunjwa upande usio wake, breki ya ndani ya winchi haishiki mzigo inavyotakiwa. Unaachia kitufe mlimani, na gari linarudi nyuma.

Upande wa umeme ndio nilioutazama kwa macho mawili. Mota ya winchi kama hii, ikivuta kwa nguvu zake zote kwenye volti 12, inaweza kula zaidi ya ampea 400. Altaneta ya gari langu haifikii hata nusu ya hapo. Kinachobaki chote kinatoka kwenye betri, na betri ya N70 iliyochoka haitakufikisha popote. Nilinunua mpya kabla ya kazi kuanza. Wenye magari yaliyotoka soko la Japani wapime kwanza, maana baadhi ya Land Cruiser zile zina mfumo wa volti 24, na winchi inunuliwe kulingana na gari.

Kebo zilizokuja kwenye boksi zilikuwa fupi kwa mahali betri yangu ilipo. Fundi umeme alizibadilisha kwa kebo za milimita za mraba 50, chanya na hasi zote mpaka kwenye betri. Hasi hakuifunga kwenye bodi. Kila kebo ilipopita kwenye tundu la chuma aliweka mpira, na akazipitisha mbali na ekzosti na feni. Hili si la kupuuza hata kidogo. Kebo za winchi mara nyingi hazina fyuzi, hivyo siku ganda likikwanguka na waya kugusa chuma, unawasha moto chini ya boneti. Katikati akaweka swichi kubwa ya kukata umeme, ninayoifikia kwa mkono nikiwa nimesimama kando ya gari. Nikiwa situmii winchi, umeme umekatwa. Na ikitokea solenoidi, yaani swichi ya umeme inayoiwasha mota, imenata, winchi huendelea kuvuta hata ukiachia kitufe, na swichi hiyo ndiyo ya kuizima. Bei ya bamba, mikono, kebo na ufundi wote ilikaribia nusu ya bei ya winchi. Sikuona kama ni ghali.

Kwenye kamba nilichagua ya nyuzi badala ya waya wa chuma, na najua wengi watabisha. Waya unavumilia mawe na jua, na ni wa bei nafuu. Ila huku kwetu gari likikwama, ndani ya dakika chache watu wamejaa: vijana wa mifugo, watoto, wapita njia, kila mtu anataka kusaidia na kutazama. Waya ukikatika ukiwa umekazwa unarudi kwa nguvu ya kuua. Kamba ya nyuzi ni nyepesi sana, ikikatika hairudi na nguvu nyingi kama ile, na haina miiba ya kuchana viganja. Hata hivyo natupia koti zito juu yake kila ninapovuta, na sivuti mpaka watu wote wamesogea mbali kuliko urefu wa kamba iliyo nje. Nawaomba kwa heshima, wazee kwanza, na wao huwasogeza vijana. Kamba ya nyuzi isipitishwe kwenye roleri, zile za mbele ya ngoma kamba inapotokea, zilizokwisha kukwaruzwa na waya. Inataka mdomo wa alumini ulio laini.

Kabla ya kuitumia tuliitoa kamba karibu yote, tukaacha mizunguko kumi kwenye ngoma, kisha gari likajivuta polepole kwenye mteremko mdogo na breki imeshikiliwa kiasi. Kamba ikajipanga ikiwa imekaza. Ikikunjwa legelege, siku ya mzigo mzito safu ya juu inazama katikati ya zile za chini na kunasa.

Mvutano mkubwa kuliko yote ulikuwa kwenye korongo moja njia ya Terrat, nimebeba mifuko ya mbegu na magurudumu ya nyuma yamepotea. Kulikuwa na mgunga ng'ambo. Tukafunga mkanda mpana chini kabisa ya shina, maana mnyororo unachubua gamba na mti unakufa, tukaweka kapi, tukachimba mbele ya tairi kwanza. Injini ikiwa inanguruma, nilivuta kidogo, nikapumzisha mota, nikavuta tena. Mota hizi hupata joto upesi, na betri nayo inahitaji nafasi ya kurudisha nguvu. Gari lilipanda taratibu likiwa na mzigo wake wote. Niligusa kebo: vuguvugu tu. Nilikagua bolti za bamba, hakuna hata moja iliyosogea.

Lawama ninazo. Boksi la solenoidi lililokaa juu ya winchi liliingia maji mapema, mpira wake wa kuzibia ulikuwa mwembamba na haukukaa sawa. Nilipolirudia duka niliambiwa maji si sehemu ya dhamana, jambo ambalo kwa kifaa cha kutolea gari kwenye tope sikulielewa na bado silielewi. Fundi alilihamishia ndani ya boneti, juu ya mstari wa maji, na tangu hapo halijasumbua. Rimoti isiyo na waya siitumii. Yenye waya haitegemei betri ndogo.

Mengine ni madogo. Ngao nzito pamoja na winchi vimeishusha pua ya gari, kwa hiyo springi za mbele ziliongezewa nguvu. Mshale wa joto nilikuwa nikiutazama sana mlimani, kwa sababu winchi inaziba sehemu ya upepo wa rejeta, lakini umetulia. Namba ya gari ilibidi isogezwe pembeni ili isifunikwe, na trafiki wa Makuyuni hawajaikataa. Baada ya kila safari ya tope naitoa kamba yote, naisuuza kwa maji safi, naianika kivulini na kuikunja upya ikiwa imekaza. Mchanga uliobaki ndani ya nyuzi unazikata kidogokidogo bila kuonekana kwa nje.